Kituoni nilipata 319, kwenye mtihani nikapata 304

Nilijiambia kwamba hasira ikipoa nitaandika kwa utulivu, lakini kila ninapopandisha kwenda Mwanga na kuliona bango la kituo kile cha tuisheni, lenye picha ya kijana aliyevaa joho, hasira inaanza upya. Basi na niandike ingali moto.

Mimi ni mwalimu wa kemia katika shule ya sekondari hapa Kigoma. Wakati fulani mwaka jana niliamua kuomba nafasi ya kusoma shahada ya uzamili Marekani, na idara niliyoitaka ilikuwa bado inadai GRE, mtihani wa hesabu na lugha ya Kiingereza kwa wanaoomba masomo ya juu. Kituo kimoja cha tuisheni hapa mjini kilitangaza kwamba kinaandaa watu kwa mtihani huo, na kwamba kila anayejiandikisha atafanya mitihani mitano ya majaribio kwenye kompyuta. Nililipa ada yote kwa mkupuo mmoja kabla ya kuuliza lolote, kosa ambalo ningemkaripia mwanafunzi wangu kwalo.

Alama zilipanda kila wiki. Katika jaribio la mwisho nilipata 163 za hesabu na 156 za lugha, yaani jumla ya 319, kwenye kipimo ambacho kila upande huanzia 130 na kuishia 170. Mkuu wa kituo aliiandika namba hiyo ubaoni kwa wino mwekundu, wenzangu wakanipigia makofi, nami nikapanda treni kwenda Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 1,200, nikiwa nimeshaanza kuwaza nitapata wapi koti la baridi. Huko nikapata 304. Alama za hesabu na za lugha huonekana kwenye skrini ukishamaliza, kabla hata hujainuka kitini, na zangu zilikuwa 154 na 150. Nilizitazama kama mtu aliyekabidhiwa mzigo wa abiria mwingine.

Kushindwa nimeshindwa mara nyingi maishani, hilo halinisumbui. Kinachoniudhi ni saa ya kituo kile. Kwenye mtihani wenyewe, sehemu ya pili ya hesabu ina maswali 15 kwa dakika 26, na dakika hizo hazimngoji mtu. Kwenye programu ya kituo, chini ya saa palikuwa na kitufe cha kijani kilichoandikwa "Simamisha". Umeme ukikatika, saa ilisimamishwa mpaka jenereta iwashwe, na hilo ninalielewa. Lakini kitufe hicho kilibonyezwa pia saa kumi alasiri, mama wa chapati alipopanda ngazi na chupa yake ya chai. Kilibonyezwa simu ilipoita, kilibonyezwa mtu alipokwenda msalani, na muda wote huo swali lilibaki wazi kwenye skrini, ukilitafakari huku unatafuna. Nami nilibonyeza, sikatai. Nakumbuka swali moja la uwezekano ambalo jibu lake lilinijia nikiwa katikati ya chapati ya pili, na nikajiona hodari.

Tena programu yao ilitoa sehemu ya pili ile ile kwa kila mtu, ilhali katika GRE ugumu wa sehemu ya pili hutegemea ulivyofanya ya kwanza. Dar es Salaam muda uliniishia maswali manne yakiwa matupu kabisa. Kituoni tulisisitiziwa tuliache swali tusilolijua, wakati mtihani huo haumkati mtu alama kwa jibu lisilo sahihi, kwa hiyo hata kubahatisha kungekuwa na faida.

Niliporudi nilikwenda kumwona mkuu wa kituo. Nilimwamkia vizuri, kwa kuwa ni mtu mzima, nikamwekea karatasi ya matokeo mezani. Hakuinua macho kutoka kwenye simu yake. Alisema, "Mwalimu, hiyo ni presha. Sisi mtihani tulikupa, na moyo nao ulitaka tukupe sisi?" Wasichana wawili waliokuwa wakijiandikisha wakacheka. Nikamwomba angalau aifute ile 319 ubaoni. Akajibu kwamba ile ni tangazo.

Kwa siku kadhaa nilifikiri kwamba huenda ana haki. Nilikuwa nimetoka safari ndefu, sijalala vizuri, na kukaguliwa mifuko kabla ya kuingia kwenye chumba cha mtihani kulinitetemesha. Kisha nikagundua kwamba ETS, wenye mtihani wao, wana majaribio mawili ya bure kwenye tovuti yao. Nilifanya moja usiku, chumbani kwangu, mlango umefungwa na saa haisimami. Nikapata 305. Chumbani kwangu hapakuwa na presha yoyote, palikuwa na mbu tu. Hapo ndipo nilipokasirika hasa, kwa sababu wiki zote zile hakuna aliyetutajia kwamba majaribio ya wenyewe yapo, tena ya bure.

Nilianza kuandika nikikusudia kusema asiende mtu. Hata hivyo yupo pale kijana anayefundisha hesabu Jumamosi, na nikimnyamazia nitakuwa mwongo. Jiometri niliyoiogopa tangu kidato cha pili aliifungua kwa kipande cha uzi na vizibo viwili vya soda, na bila yeye nadhani 154 yangu ingekuwa 145. Kwake ningelipa tena. Kwa kituo, hata nauli ya bodaboda ya kufika pale naionea uchungu.

Kanuni zinaruhusu kurudia mtihani baada ya siku 21, nami nimeshapitisha miezi nikikusanya ada na nauli. Kijana huyo amekubali kunifundisha nyumbani kwangu kila Jumapili. Siku ya kwanza aliichukua simu yangu akaitia mfukoni mwake, akaitundua saa ya ukutani na kuisimamisha mezani mbele yangu, kisha akamwomba mke wangu asilete chai mpaka dakika 26 ziishe.