Emily Rose na Requiem: binti mmoja, muvi mbili, na moja imenikera

Wikiendi hii nimeangalia muvi mbili mfululizo, The Exorcism of Emily Rose ya 2005 na Requiem ya Wajerumani ya 2006, na naziandikia pamoja kwa sababu zote zimetokana na binti mmoja wa kweli, Anneliese Michel, mwanafunzi wa chuo kule Ujerumani aliyefariki tarehe 1 Julai 1976 akiwa na miaka 23 na kilo kama 30 tu mwilini, baada ya mapadri wawili kumfanyia ibada ya kutoa mapepo mara 67. Alikuwa ameanza kuanguka kifafa tangu yuko sekondari. Kilichomuua ni njaa na kuishiwa maji. Hiyo njaa ikumbukeni, nitairudia.

Tuanze na Emily Rose. Kama ni kutisha, inatisha haswa. Jennifer Carpenter anayeigiza Emily yale maungo anayapinda mwenyewe, na kuna lile la kuamka saa tisa kamili usiku na harufu ya kitu kinaungua ambalo sisi tunaoangalia kwa Kiswahili linatupiga zaidi kuliko wenyewe waliotengeneza. Padri anaeleza kwamba ile ni saa ya mapepo kwa sababu ni kinyume cha saa tisa ya mchana, saa aliyokufa Yesu, na kwetu zote mbili tunaziita jina lilelile, saa tisa, na kwenye Biblia tunaisoma hivyohivyo kila Ijumaa Kuu. Usiku ule nilishtuka usingizini nikaogopa hata kuangalia simu ni saa ngapi, nasema kweli.

Stori yenyewe inaenda kimahakama. Padri Moore (Tom Wilkinson, mzee mtulivu, unampenda tangu sini ya kwanza) kashtakiwa kwamba uzembe wake ndo uliomuua Emily maana alimuunga mkono alipoacha dawa. Wakili wake, Laura Linney, ni mwanamke ambaye hata hajui kama Mungu yupo, halafu mwendesha mashtaka ndo mtu wa kanisani. Hapo niliwapigia makofi. Mara nyingi kwenye muvi za namna hii asiyeamini ni daktari mmoja mwenye kiburi ambaye kazi yake ni kudharau mpaka pepo limuumbue, ila hapa anayedai ushahidi ni Mkristo na anayemtetea padri ni mwenye mashaka, na huo ndo ukweli wa maisha, mimi nawajua walokole wengi tu wanaokimbilia vipimo kwanza na nawajua watu wasioingia kanisani wala msikitini ambao hawawezi kulala bila hirizi.

Sasa tatizo. Muvi inajidai inakuachia mwenyewe uamue, daktari anasema kifafa na ugonjwa wa akili, padri anasema mapepo, haya chagua. Lakini hawako sawa kabisa, kwa sababu kamera ilishachagua zamani. Maelezo ya daktari tunaonyeshwa binti anatetemeka chini, basi, sekunde chache, ila maelezo ya padri tunapewa nyuso zinazoyeyuka barabarani, radi, farasi wamepagawa zizini, na mapepo sita yanajitaja majina moja moja. Macho yako yameshaona, utabishaje? Hata wakili mwenye mashaka naye anaanza kuamka saa tisa usiku, yaani shetani anamfuata mpaka chumbani kwake kumthibitishia. Daktari aliyetaka kutoa ushahidi upande wa padri anagongwa na gari. Mwenye imani kapewa mashahidi kibao, mwenye mashaka kaachiwa karatasi za hospitali.

Na kilichonikera mpaka nikasimamisha muvi ni hoja ya dawa. Wanamleta shahidi msomi anasema dawa ya kifafa aliyokuwa anameza Emily ndo iliyofanya maombi yasifanye kazi, kwamba ilimfungia ndani ya ile hali mapepo yakashindwa kutoka. Dawa yenyewe kwenye muvi ni ya kubuni lakini hoja si ya kubuni, ilitoka kwa mwanaanthropolojia Felicitas Goodman aliyeandika kitabu kizima kuhusu Anneliese mwaka 1981. Kwa hiyo mtu anatoka pale akiwa kabeba kitu kimoja: dawa zinazuia ukombozi.

Hayo maneno mimi nimeyasikia nikiwa mtoto, nyumbani kwetu, kwa Kiswahili. Mdogo wangu ana kifafa. Kuna sehemu ya maombi tulipelekwa, mama akaambiwa waziwazi kwamba vidonge ni kutokuamini, avitupe, na akavitupa kwa sababu alikuwa anampenda mwanae na alichoka. Wiki ya tatu mdogo wangu akaanguka jikoni karibu na mafiga, na waliokuwepo waliogopa kumgusa kwa ile imani kwamba ukiguswa na povu lake na wewe unapata. Kovu liko mkononi mpaka leo, kuanzia kiwiko. Wenyeji wa Morogoro mtaelewa, kule Mahenge daktari wa Kinorwei, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa kuanzia miaka ya 1960, na wagonjwa wengi aliowakuta walikuwa na makovu ya moto kwa sababu hiyohiyo. Mama alirudi kwenye vidonge, na kusali hakuacha hata siku moja. Alikuwa anampa kidonge huku anamwekea mkono kichwani anaomba. Sijawahi kuona muvi inayomwonyesha mtu kama mama yangu, na wako wengi mno.

Halafu angalieni muvi ilivyobadilisha kesi. Kweli yenyewe ni kwamba mwaka 1978 kule Aschaffenburg, Ujerumani, walioshtakiwa walikuwa wanne, mapadri wawili na wazazi wote wawili, wote wakakutwa na hatia, kifungo cha miezi sita ambacho hakikutumikiwa. Waendesha mashtaka walisema hata wiki moja kabla binti angeweza kuokolewa. Wiki moja! Kwenye muvi wazazi hawashtakiwi, anabaki padri peke yake kama shujaa, anakutwa na hatia ila anaachiwa palepale, na njaa ya Emily inageuzwa kuwa kitu alichokubali mwenyewe baada ya kutokewa na Bikira Maria, ili dunia iamini mapepo yapo. Kifo cha njaa kimefanywa mahubiri. Mimi ni muumini na hapo roho iliniuma.

Ndo maana Requiem ilinishika vingine kabisa. Mwongozaji wake, Hans-Christian Schmid, hakuonyesha pepo hata moja. Kamera inamfuata mwigizaji Sandra Hüller tu (alichukua tuzo ya Dubu wa Fedha kwenye tamasha la filamu la Berlin na alistahili), anaenda chuo, anapata rafiki, anapata mpenzi, anacheza muziki, kisha sauti zinaanza na anashindwa kusali. Anachosikia wewe hukisikii. Unabaki umekaa pembeni yake kama unavyokaa pembeni ya mgonjwa wako, hujui kinachoendelea mle ndani, na hata hivyo hakuna anayemcheka kwa kuamini, dini yake imechukuliwa kwa heshima yote. Mama yake ni mgumu, baba yake ana huruma ila hana la kufanya. Kifo hakionyeshwi, unasoma maandishi tu mwishoni.

Ni ya polepole, niwaambie ukweli, na ni ya Kijerumani kwa hiyo lazima usome maandishi ya chini, anayetaka kuruka kwenye kiti atasinzia.

Emily Rose naipa nyota mbili na nusu kati ya tano, zote za waigizaji. Requiem nne na nusu. Mdogo wangu niliangalia naye hiyo ya pili, Emily Rose nilimkataza, na ilipoisha aliuliza swali moja tu, kwanini hakuna mtu aliyempikia uji.