Uzoefu wangu na kozi ya programu za kifankisheni: asaimenti na mtihani wake

Nimemaliza kozi ya programu za kifankisheni (kuandika programu kwa kuunganisha fankisheni, yaani vipande vinavyopokea thamani na kurudisha jibu) katika chuo kimoja hapa Dodoma, na kwa kuwa kila muhula wadogo zetu wanaichagua bila kujua wanaingia wapi, naandika niliyoyaona. Asaimenti zake ni bora kuliko za kozi nyingine yoyote niliyosoma. Mtihani wake, hata hivyo, unapima kitu kingine, na asiyeambiwa mapema anaweza kung'ara kwenye asaimenti kisha akasapu, yaani akafeli na kulazimika kurudia mtihani.

Tulifundishwa kwa Haskell, lugha ya programu iliyotoka mwaka 1990 na kupewa jina la mwanamantiki wa Marekani, Haskell Curry. Ukitoka kwenye Java au Python unakuta hakuna kitanzi cha for, na jina likishapewa thamani halibadiliki tena. Marudio yote ni rikesheni (fankisheni kujiita yenyewe), au fankisheni za orodha: map inayobadilisha kila kitu, filter inayochuja, na foldr inayokunja orodha kuwa jibu moja. Wiki za mwanzo zinauma, vumilia.

Asaimenti iliyonikaa zaidi ilihusu mauzo ya zabibu. Tulipewa orodha ndefu, kila mstari una jina la mkulima, kilo na bei ya kilo, tukatakiwa kutoa jumla ya fedha za kila mkulima. Unageuza kila mstari kuwa jozi ya jina na fedha kwa map, kisha orodha nzima unaipitisha kwenye fromListWith (+), fankisheni inayojenga jedwali la majina na thamani, na majina yanayojirudia yanajumlishwa. Basi, hakuna vigeu vya kubebea jumla. Utamu ulikuwa sehemu ya pili: baadhi ya mistari ilikuwa na kilo zilizoandikwa kwa maneno, mingine pengo tupu. Fankisheni ya kusoma kilo ikabidi irudishe Maybe (thamani ambayo huenda ipo au haipo), na kompaila, programu inayokagua na kutafsiri msimbo, haikubali uzidishe Maybe na bei kana kwamba ni namba ya kawaida. Lazima kwanza uamue mstari mbovu unaufanyaje: unauacha, au unautolea taarifa? Tulibishana hadi usiku kwenye kikundi chetu cha majadiliano, maana kuuacha kimya ni kumpunja mkulima. Kwangu asaimenti inayowafanya wanafunzi wabishane hivyo imefanya kazi yake.

Sasa mtihani. Kwetu alama za muhula ni 40 na mtihani wa mwisho 60, na huo wa mwisho ni kalamu na karatasi, hakuna mashine. Maswali mengi ni ya haki kabisa. Unaulizwa aina (type, yaani inapokea nini na kurudisha nini) ya flip map, ambayo ni map inayopokea orodha kwanza, nawe unatakiwa ufike kwenye [a] -> (a -> b) -> [b] kwa kichwa chako. Unapewa foldr (-) 0 [10,4,3] na foldl (-) 0 [10,4,3], uonyeshe hatua zote. Ya kwanza inafunga mabano kulia, 10-(4-(3-0)), jibu 9. Ya pili inaanza na sifuri kushoto, ((0-10)-4)-3, jibu -17. Aliyezoea kuandika kwenye GHCi (programu inayokokotoa Haskell papo hapo) na kungoja jibu hapa anakwama, kwa sababu hajawahi kuzifuata hatua mwenyewe. Vivyo hivyo kwa take 5 (map (*2) [1..]): orodha haina mwisho, lakini Haskell inakokotoa kinachohitajika tu, na lazima ueleze kwa nini programu inasimama.

Nisilolikubali ni swali la kuandika programu karibu ukurasa mzima kwa mkono, halafu alama zikatwe kwa mabano yaliyosahaulika na mistari isiyopangwa sawa. Hiyo ni kazi ya kompaila. Swali hilo lingehamishiwa maabara, kwenye mashine, lingepima ujuzi wenyewe.

Kwa hiyo ukiichukua, usidese asaimenti hata moja. Majibu ya kuazima hayaingii nawe kwenye chumba cha mtihani. Kabla ya kuuliza GHCi kwa :t, amri ya kuonyesha aina, andika kwanza aina unayoidhani, kisha linganisha. Kila fankisheni ya rikesheni uifuate kwa kalamu kwa orodha ya vitu vitatu mpaka ifike kwenye orodha tupu. Mitihani ya miaka iliyopita ipo ila haina majibu, hivyo ifanyeni kwa kikundi na mkosoane.

Kuhusu vifaa: kushusha GHC (kompaila ya Haskell) na zana zake kunakula bando, kwa hiyo fanya hivyo kwenye Wi-Fi ya chuo wiki ya kwanza, kabla watu hawajajazana. Laptopu yangu ya RAM ya GB 4 ilitosha kwa GHCi na kihariri cha kawaida. Kinachoielemea ni ile Haskell Language Server inayokuonyesha makosa unapoandika. Kama mashine yako ni dhaifu, iache.