Siku tatu kwa wamonaki: mapitio ya mteja aliyekuja na nongwa zake

Wadau mlioniuliza Kwaresima nilipotelea wapi nawajibu hapa mara moja, maana kujibu wasap moja moja nimechoka. Nilikuwa kwenye nyumba ya mafungo (unajitenga siku chache kusali na kutafakari) ya Wabenediktini, wale wamonaki wa Kikatoliki, huko Ruvuma. Sio monasteri ile kubwa ya Peramiho ya tangu 1898, hii ni nyumba ndogo tu na jina silitaji kwa sababu nina malalamiko. Mimi ni Mlutheri wa KKKT kindakindaki, nilifuata mkumbo wa rafiki yangu Mkatoliki, akaniambia mada ya mafungo ni unyenyekevu alafu akaongeza "we ndo unaihitaji zaidi", nikacheka ila iliniuma kidogo nikakata tiketi.

Safari ya basi kutoka Dar mnaijua, mnatoka giza mnafika giza, ukifika Makambako unaanza kutafuta sweta na ukifika Njombe unajuta kwanini ulilikunja chini kabisa ya begi.

Getini kuna bruda (mtawa wa kiume asiye padre) mzee. Nikamsalimia "Bwana Yesu asifiwe" yeye akanijibu "Amina, Tumsifu Yesu Kristo" nikabaki nimemkodolea macho, sikujua inaitikiwaje (ni "Milele amina", msije mkaaibika kama mimi). Mapokezi nikaulizwa jina, nikasema Injinia fulani wa fulani. Bruda akaandika jina la ubatizo tu. Nikarudia nikidhani hakusikia, akasema "nimesikia ndugu yangu, kitabu hiki kina mstari mmoja tu wa jina". Hakuwa na kejeli hata kidogo yaani ndo maana ilinichoma.

Bei elfu 35 kwa siku na milo yote mitatu humohumo. Chumba kisafi, kitanda kimoja, meza, Biblia, msalaba ukutani basi. Godoro gumu. Mtandao unashika sehemu moja tu, pale chini ya mwembe karibu na zizi, kwa hiyo jioni mnakutana hapo wageni wote mmenyoosha simu juu kama mnaombea mifugo. Kengele inagonga saa kumi na moja kasorobo alfajiri na haichagui dhehebu.

Sasa inshu ya hita. Asubuhi ya kwanza nimefungua bomba maji ni barafu, na baridi ya kule si mchezo. Nikashuka mapokezi na lugha yetu ile ya mjini, mimi ni mteja nimelipa, huduma gani hii, nani msimamizi hapa. Nilikuwa nasubiri yale majibu yetu ya kawaida, kwamba umeme ulikatika, kwamba fundi kaitwa yuko njiani, kwamba mbona wageni wengine hawajalalamika. Bruda kanisikiliza mpaka nikaishiwa maneno mwenyewe, akasema "ni kweli, hita ya upande wenu imeungua tangu wiki iliyopita, nilitakiwa nikuambie kabla hujalipa, nimekosa". Akaandika kwenye kauntabuku, akaenda jikoni akaniletea ndoo ya maji ya moto mwenyewe, akanirudishia elfu kumi. Niliipokea, sikujifanya mtakatifu.

Mimi nafanya kazi za wateja mwaka wa kumi na mbili huu na sijawahi kumwambia mteja "nimekosa" bila kuweka "lakini" nyuma yake. Hebu jipimeni na nyie.

Baadae nikamuuliza huyo bruda hawachoki kulaumiwa na wageni, akaniambia Kanuni yao, yaani kitabu cha taratibu za maisha yao, inalo hilo, sura ya 61. Mmonaki mgeni akifika na akaona kasoro akaisema kwa unyenyekevu na upendo, abate (mkuu wa monasteri) aitafakari vizuri maana huenda Bwana kamleta kwa ajili hiyo hiyo. Kumbuka hii Kanuni Mtakatifu Benedikto kaiandika karne ya sita huko Italia, yaani mapitio ya wateja walishayawekea sura yake kabla hatujajua nyota tano ni nini. Ila kuna kasharti hapo ka "kwa unyenyekevu na upendo" na mimi nilishuka ngazi nikifoka, kwa hiyo nadhani sihesabiki.

Chakula: ugali wa dona, maharage, chainizi, siku moja samaki. Mkate wanaoka wenyewe, mzito huo unaweza kujengea msingi, lakini kwa kahawa ya Mbinga unashuka vizuri sana. Maharage chumvi ilizidi siku ya pili. Mnakula kimya huku mmoja anasoma kwa sauti, mimi kimya kilinitesa zaidi ya chumvi. Ukimaliza kuna mabeseni matatu nje, la kuoshea, la kusuuzia, la maji ya moto, kila mtu anaosha sahani yake. Kulikuwa na mheshimiwa mmoja kati ya wageni alisimama na sahani yake dakika kama mbili hivi anaangaza macho, nadhani alikuwa anamtafuta dada wa kazi, mwishowe akakunja mikono ya shati.

Wenyewe jikoni wanaingia kwa zamu ya wiki na hakuna wa kukwepa labda mgonjwa au mwenye shughuli nzito. Kwenye Kanuni imeandikwa anayemaliza zamu afue na vitambaa vyote, alafu yeye na anayempokea wawaoshe wenzao miguu. Na viti mezani vinafuata nani aliingia utawani kwanza, sio umri wala digrii, wanasema aliyefika saa mbili ni mdogo wa yule aliyefika saa moja. Nimemuona baba mtu mzima wa mvi kabisa kakaa chini ya kijana ambaye angeweza kumzaa, wala hakuna anayeshangaa.

Hapo ndo nilianza kuelewa kwanini huku kwetu tunashindwa. Sisi unyenyekevu wetu uko mdomoni. Mtu anapanda madhabahuni "mimi mtumishi wenu mnyonge nisiyestahili" huku emsii ametumia robo saa kumtajia vyeo na kiti chake kimevalishwa kitambaa cha dhahabu. Wao hawakuniambia hata mara moja kwamba ni wanyenyekevu, wamekubandikia tu ratiba ya zamu ukutani.

Mafundisho yalikuwa mawili kwa siku, padre anaongea polepole sana mpaka unasinzia, hapo napunguza maksi. Alipita kwenye ngazi 12 za unyenyekevu, sura ya 7 ya Kanuni. Kitu kimoja nilikipenda, alisema neno lenyewe kwa Kilatini limetoka kwenye udongo, kwa hiyo mtu anayejua kazi alafu anasema "mimi sijui kitu" huyo sio mnyenyekevu, huyo anadanganya, udongo haujifanyi shimo.

Ila ngazi ya nne ilinikaa kooni, ile ya kuvumilia mambo magumu na hata kuonewa bila kunung'unika. Nilinyoosha mkono nikamwambia padre, hii ukiihubiri kwa mmonaki aliyejichagulia sawa, lakini mimi nimeisikia ikihubiriwa kwa mke anayepigwa na kwa binti wa kazi anayelala jikoni na mshahara hajaona miezi mitatu, na anayehubiri ni yule yule anayemdai uvumilivu. Padre alikaa kimya kidogo, akafungua Wafilipi 2 akasoma pale Kristo alipojifanya hana utukufu akatwaa namna ya mtumwa, akauliza "nani alishuka hapa, aliyekuwa juu au aliyekuwa chini?" Akasema anayesukumwa chini na mwenzake hajanyenyekea, amedhulumiwa, na wa kuhubiriwa ngazi hizo kwanza ni mwenye nafasi ya kushuka. Ngazi ya kumi ya kutokuwa mwepesi wa kucheka mimi na yeye hatukuelewana kabisa, na alikuwa anacheka wakati anaitetea.

Nimerudi mwezi sasa. Nyumbani naosha sahani yangu, binti wa kazi siku ya kwanza alidhani namkasirikia. Ofisini nimesema "nimekosa" bila lakini mara moja tu, mteja akashtuka akataka kujua kuna tatizo gani kubwa zaidi tunaloficha.

Kuna kaduka getini, chukueni asali na mishumaa, bei iko chini ya Kariakoo na ni kwa makusudi, Kanuni inawaagiza wauze chini kidogo ya watu wa nje ili tamaa isiingie. Mimi natoa nyota nne, ya tano nimeinyima kwa hita na kutoniambia mapema. Bebeni sweta, kandambili, tochi, na dodoki lenu, yale ya kule yamechoka.