Siku moja Osaka: tulikwenda kuona ngome, tukaishia kufuata pweza

Nilikuwa Kobe kwa kozi ya mwezi mmoja, Novemba 2025, na Jumapili ya mwisho mimi na mwenzangu wa Mombasa tukaona ni dhambi kushinda tumelala bwenini. Osaka ni jirani tu: treni ya haraka ya JR, kampuni kubwa ya reli, kutoka Sannomiya, kituo cha katikati ya Kobe, inafika kwa dakika ishirini na kitu. Kabla ya kwenda nilitafuta sana maelezo ya mtu asiyekula nguruwe aliyezunguka mji ule kwa pesa ya kawaida, sikuyapata, ndiyo maana naandika yangu. Hukumu naitoa mapema: kwa macho, Osaka ni mji mkubwa wenye taa nyingi. Kwa tumbo, nitarudi hata kesho.

Usafiri kwanza. Pale Umeda, eneo la kituo kikuu cha Osaka, kwenye mashine za metro, unanunua kadi ya siku nzima inayoitwa Enjoy Eco Card. Siku za kazi ni yeni 820, wikiendi na sikukuu ni 620. Safari fupi kabisa ya metro ni yeni 190 na sisi tulipanda mara nne, kwa hiyo tulipata faida. Angalieni tu kwamba haifanyi kazi kwenye treni za JR. Na kwenye ngazi za umeme, Osaka watu husimama kulia, tofauti na Tokyo wanaosimama kushoto. Mimi nilijisimamia kushoto nikishangaa matangazo, hadi mwenzangu akanivuta mkono. Nyuma yangu palikuwa na foleni ya watu wenye haraka, na hakuna hata mmoja aliyeguna.

Tukaanza na Ngome ya Osaka, kituo cha Tanimachi 4-chome. Mtawala wa Japani Toyotomi Hideyoshi alianza kuijenga mwaka 1583, ikaanguka vitani 1615, akina Tokugawa, watawala waliofuata, wakaijenga upya, kisha radi ikauteketeza mnara mwaka 1665. Mnara wa leo ni wa zege, wa mwaka 1931, uliojengwa kwa michango ya wakazi wa mji. Ndani kuna lifti. Kiingilio kilipandishwa Aprili 2025 kutoka yeni 600 hadi 1,200, na mimi niliyelipa nasema wazi: kama pesa yako ni ya kuhesabu, usiingie. Kuna makumbusho na unaona mji kutoka ghorofa ya nane, basi. Uzuri wenyewe uko nje na ni bure: handaki la maji, majani ya vuli yaliyogeuka rangi, na kuta za mawe ambazo mpaka sasa sijaelewa zilisukumwaje.

Jiwe kubwa kuliko yote liko ndani ya lango la Sakura. Uzito wake unakadiriwa kuwa tani 108, na lilisafirishwa kwa bahari kutoka upande wa Okayama. Linaitwa Tako-ishi, yaani jiwe la pweza, kwa sababu ya doa lililo chini upande wa kushoto linalofanana na pweza. Tukasimama pale watu wawili wa pwani tunabishana. Mwenzangu anasema anakiona kichwa; mimi nasema kama yule ni pweza, basi yeye hajawahi kumwona pweza akitoka majini. Njaa ikatuamulia ugomvi.

Soko la Kuromon nitalipita haraka. Ni uchochoro mrefu wenye paa, samaki wamepangwa vizuri mno, lakini siku hizi pale unakula utalii. Kwenye banda moja nilionyesha kidole miguu ya kaa yenye bei ya yeni 500, nikaletewa ya 1,000, na kaa mwenyewe alikuwa ameshapoa. Tembeeni, pigeni picha, shikeni njaa yenu.

Kwa sababu takoyaki, vile vitumbua vya pweza, ndiyo niliyoijia. Tukatembea hadi mtaa wa Dotonbori, kwenye ule mfereji wenye tangazo la kampuni ya peremende ya Glico la mkimbiaji aliyeinua mikono, ambalo lipo tangu 1935 ingawa limebadilishwa mara kadhaa. Darajani kila mtu anapiga picha akiwa ameinua mikono vilevile. Sisi tukafuata harufu.

Mpishi ana chuma chenye vishimo, na ukitoka Tanga au Lamu hutauliza mara mbili: ni chuma cha vitumbua, ila vishimo ni vidogo na viko kwa makumi. Anamimina uji mwepesi wa ngano uliochanganywa na mchuzi wa samaki mkavu, anatia kipande cha pweza, vitunguu vya majani, tangawizi nyekundu, kisha anavigeuza kwa sindano ya chuma kwa kasi ambayo jicho halifuati. Juu anapaka sosi nzito, mayonezi, unga wa mwani, na vipande vyembamba vya samaki mkavu vinavyochezacheza kwa mvuke kama viko hai. Vinane, yeni 700.

Sasa nisikilizeni. Nje ni kigumu kidogo, ndani ni kama uji. Mara ya kwanza utadhani hakijaiva. Kimeiva, watu wa Osaka ndivyo wanavyokitaka. Na ni moto! Nilikitupia mdomoni kizima kama kitumbua cha asubuhi, nikapoteza ladha mpaka jioni. Kitoboe kwanza, ungoje. Na usitembee nacho: kula hapohapo kibandani umrudishie mpishi chombo, maana mapipa ya taka barabarani huyaoni.

Pweza wenyewe ni laini, watamu, japo ukubwa wa kipande ni wa kukutania. Kilichonifurahisha zaidi nilikijua baadaye: sehemu kubwa ya pweza ambao Japani inaagiza wanatoka Mauritania na Moroko. Kwa hiyo nilikwenda Asia kuunguzwa ulimi na Mwafrika mwenzangu.

Kwa wasiokula nguruwe, jifunzeni neno moja: buta, yaani nguruwe. Kwenye mkahawa mmoja wa okonomiyaki, ile chapati nene ya kabichi, tulitumia simu kutafsiri kwamba tunataka ya kamba bila nguruwe, mhudumu akatikisa kichwa kukubali vizuri kabisa, na ikaja na vipande vya buta juu. Waliomba radhi hadi tukaona aibu sisi, wakatutengenezea nyingine. Lakini ilipikwa kwenye bamba lilelile, na mwenzangu hakuigusa. Jioni kule Shinsekai, chini ya mnara wa Tsutenkaku, kwenye mishikaki ya kukaanga ya kushikatsu, ikawa hivyohivyo: mafuta ya kukaangia mara nyingi ni ya ng'ombe au nguruwe. Ulizeni kabla ya kukaa. Yeye akaishia kula wali wa dukani wa kufungwa kwa mwani. Mimi nilikula vitunguu na kamba, nikafuata sheria yao: mshikaki huchovywa kwenye sosi mara moja tu, kabla ya kuung'ata.

Jumla nilitumia kama yeni 7,000 pamoja na nauli ya kutoka Kobe na kurudi. Nyota nne kati ya tano. Moja nimeigawa: nusu kwa lifti ya ngome, nusu kwa yule kaa.

Hesabu hiyo haina kitu kimoja. Kabla ya Shinsekai tulipita Doguyasuji, mtaa wa vyombo vya jikoni karibu na Namba, nikanunua chuma cha takoyaki. Kina uzito wa kutisha, na uwanja wa ndege nilikibeba mkononi mpaka wakaniambia nikitie kwenye begi kubwa. Sasa kiko Tanga. Vitumbua vyake vinatoka vidogo kama gololi na watoto wanavimaliza kabla havijapoa. Vya pweza bado, tunangoja bamvua.