Tahadhari: boksi la taimukodi "linalopitisha santuri halisi" ambalo halipitishi

Wakuu, salaam. Kuna muuzaji anazunguka kwenye makundi ya vifaa vya DJ na boksi la kuunganisha deki na kompyuta, analolisifia kwamba linasoma taimukodi na pia linapitisha santuri halisi, unabonyeza kitufe tu basi. Jina la akaunti analibadilisha kila akibanwa, kwa hiyo kulitaja hapa hakusaidii. Mtambueni kwa video, maana ni ileile siku zote: deki mbili za santuri, slipmati (kitambaa cha chini ya santuri) moja imechanika ukingoni, mkono mmoja uko kwenye mikisa ya kuchanganyia sauti, uso hauonekani. Waliouziwa wananiletea mimi niwatengenezee. Hakuna cha kutengeneza humo.

Kwa wageni wa mambo haya: santuri ya taimukodi haina muziki. Ina mlio tu, na kila programu ya DJ ina wake: kHz 1 kwa Serato, kHz 2 kwa Traktor ya awali na kHz 2.5 kwa toleo lake la MK2. Kompyuta inausikiliza ijue sahani inazunguka kwa kasi gani na sindano imefika wapi. Kama inakwenda mbele au inarudi nyuma, inajua kwa tofauti ndogo kati ya upande wa kushoto na wa kulia. Ndiyo maana ukikosea kuchomeka nyaya hizo mbili wimbo unacheza kinyumenyume.

Kazi ya pili ya boksi ndiyo yenye gharama. Ukitoa santuri ya taimukodi ukaweka ya muziki, sauti ile inatakiwa ipite ifike kwenye mikisa ikiwa nzima. Kinachotoka kwenye sindano ni milivolti chache, tena besi yake ilipunguzwa makusudi wakati santuri inakatwa na sauti za juu zikaongezwa, kwa mkunjo wa RIAA, kipimo cha pamoja cha watengeneza santuri kilichokubaliwa mwaka 1954. Lazima pawepo saketi ya fono ya kuikuza na kuirudishia besi yake: ama iwe ndani ya boksi, ama boksi liwe na matundu ya kuipeleka ghafi kwenye fono ya mikisa.

Boksi la huyu bwana halina hiki wala kile. Ni kadi ya sauti ya kawaida yenye matundu manne ya kuingizia, yote ya laini (yaani ya sauti iliyokwisha kukuzwa), na stika mpya imebandikwa juu ya maandishi ya zamani. Nyuma kuna swichi imeandikwa PHONO na LINE. Ukiisukuma inaitika vizuri kabisa, "tak". Fungua mfuniko: miguu yake haijachomewa risasi popote, imegandishwa kwa gundi. Skurubu ya kufungia waya wa ethi, ule wa kuzuia mngurumo, nayo ni pambo, haijaungana na kitu.

Sasa video yake inawapataje watu? Deki anazotumia ni zile zenye saketi ya fono ndani yake, na swichi ya nyuma ameiweka LINE. Hapo hata kadi ya kawaida itasoma taimukodi. Kwenye kipande cha pili amefanya ujanja zaidi: programu iko INT, yaani wimbo unajiendea wenyewe ndani ya laptopu na sahani inazunguka kama pambo. Angalieni mikono yake. Hagusi santuri hata mara moja, hanyanyui sindano, anachezea feda (vitelezeshi vya mikisa) tu. DJ gani huyo anayeonyesha mtambo wa kuskrachi bila kugusa sahani?

Mnunuzi akifika nyumbani akaunganisha deki za kawaida zisizo na saketi ndani, Technics SL-1200MK2 kwa mfano, ile duara ya taimukodi kwenye skrini inasinyaa hadi inakuwa nukta na wimbo unakatakata. Akilalamika anajibiwa "sindano zako zimechoka", na papo hapo anauziwa katriji (vichwa vya sindano) za Shure M44-7 "mpya kutoka kiwandani". Shure walitangaza mwaka 2018 kwamba wanaacha biashara ya katriji. Mtu anayekuahidi mzigo mpya wa kiwandani leo ana maelezo mengi ya kutoa, na za bandia zimejaa sokoni.

Akishindwa huko anakwambia ununue nyaya za kugawa, deki moja iende kwenye boksi na kwenye mikisa kwa wakati mmoja. Msifanye hivyo. Katriji ya kawaida inategemea mzigo wa kilo-omu 47. Ukiichomeka kwenye fono mbili kwa pamoja unabaki na karibu nusu ya huo, na sauti inabadilika. Mngurumo wa ethi nao mara nyingi unakuja juu yake.

Kinachonitia hasira zaidi ni hatari ya jukwaani. Ukibonyeza THRU, kile kitufe cha kupitisha santuri halisi, kwenye boksi hili, santuri halisi inasikika kwa mbali, nyembamba, haina besi. Kwa hiyo unapandisha geni, kirungu cha kukuza sauti kwenye mikisa, hadi mwisho. Kisha unarudi kwenye taimukodi, na ule wimbo wa laptopu unatoka kwa nguvu kamili ya laini kwenye chaneli ambayo geni yake iko juu kabisa. Twita, spika ndogo za sauti za juu, zinaweza kuungua hapo hapo, na masikio ya watu pia.

Anauza pia Rane SL1 akisema "weka tu Serato DJ, inakubali". Haikubali. SL1 ni boksi zuri, mimi binafsi nalipenda, lakini linafanya kazi na Scratch Live peke yake, programu iliyokwisha kustaafishwa. Na Mac zenye macOS Catalina ya mwaka 2019 kwenda mbele hazifungui tena programu za biti 32. Ukiwa na laptopu ya zamani, sawa. Vinginevyo unanunua kizito cha kuzuia karatasi. Leseni za programu anazogawa kwa kukupa akaunti na nywila zisikuvutie pia: akaunti ikiwa imefunguliwa kwa barua pepe yake, siku akitaka anaichukua.

Kabla hamjalipa mtu yeyote, dai simu ya video ya moja kwa moja. Kwanza akuonyeshe swichi ya nyuma ya deki. Kisha acheze taimukodi na anyanyue sindano: wimbo ukiendelea, yuko INT, kata simu. Airudishe sahani nyuma kwa mkono, wimbo urudi nao. Halafu kwenye deki hiyohiyo aweke santuri yenye muziki, abonyeze THRU au ageuze swichi ya mikisa, na besi isikike bila kugusa geni. Arudie kwenye deki ya pili, kwa sababu maboksi mengine yaliyotumika yana upande mmoja uliokufa. Huyu tunayemsema, ukimwambia hivyo, mtandao wake unakuwa mbaya ghafla.

Aliyekwisha kulipa asifute mazungumzo, na asikubali ile ya "rudisha boksi kwanza ndipo nikurudishie pesa". Boksi ndilo ushahidi wenu. Piga picha ile swichi ndani na nje, upeleke kwa wasimamizi wa kundi na kwa huduma uliyolipia. Na kama deki zako zina saketi ya fono ndani, usilitupe: Mixxx ni programu ya DJ ya bure, inakubali kadi yenye matundu manne ya kuingizia, na ina njia yake ya kupitisha santuri halisi. Swichi ya deki iweke LINE, ile ya kwenye boksi iache ilivyo.