Tangi la matumbawe la kuagiza hapa Mombasa: kioo wape, samaki wanyime

Nyota nne kwa ujenzi, moja kwa samaki. Jina la duka siliweki hapa, ila mafundi wa tangi za maji chumvi mjini si wengi, ukiulizia utawapata tu.

Nilitaka tangi la sebuleni, sentimita 120 kwa 60 kwa 50, yani lita 360 kabla hujatia mawe, na upande wa kioo hawa watu wanajua kazi. Kioo cha milimita 12, silikoni imepigwa vizuri haina mapovu, na kabla ya kulileta walilijaza maji wakaliacha wiki nzima karakanani kwao waone kama litavuja. Fundi wao hata hajatoa futi kupima akauliza kwanza naishi ghorofa ya ngapi na boriti zimepita wapi, manake maji ya tangi hili peke yake yanapita kilo 360, bado kioo, bado mawe, bado kabati. Fremu ni chuma kilichopakwa rangi ya epoksi na mbao ni plaiwudi ya marini, si ile MDF ikionja maji tu inavimba.

Mabomba ndo nimeyapenda zaidi. Maji yanashuka kwenye sampu, lile tangi dogo la chini ya kabati, kwa bomba lenye valvu na pembeni kuna lingine la dharura, kwa hivyo lile kuu likiziba na konokono maji yana pa kupitia. Bomba la kurudisha wamelitoboa tundu dogo chini kidogo ya usawa wa maji, stima ikikatika linavuta hewa na maji yanaacha kurudi nyuma. Tulizima swichi makusudi, sampu ikapanda mpaka pale walipokuwa wamechora mstari ikasimama, sakafu kavu. Na kelele hamna, usiku nasikia pangaboi kuliko tangi.

Kitu kingine hawakuniuzia hita. Video nyingi za haya mambo zinatengenezwa na watu wa nchi za baridi, kila saa hita hita, sasa we hapa kaskazi ikikolea hita ya nini? Matumbawe yanataka nyuzi 25 hadi 27 hivi, shida yetu ni kupoza. Chila, yani mashine ya kupoza maji, wakaiweka roshani, sababu ikikaa ndani ya kabati inamwaga joto lake humohumo kisha inahangaika kulipoza tena. Ni ghali, jipange, ilikaribia bei ya tangi lenyewe, na bili ya stima utaiona.

Maji tulitumia ya bahari, ila si ya kuchota popote. Karibu na vijito yanabeba uchafu wa mji na oili, na masika mvua inayapunguza chumvi. Walienda na mashua nje huko maji yakiwa yamejaa, wakayapima mbele yangu, 35 kwa elfu, sawasawa. Ya kujazia yanayokauka lazima yawe ya RO, yani yaliyochujwa kwa utando mpaka chumvi zitoke, na mita ya TDS, ile ya kupima vitu vilivyoyeyuka majini, isome sifuri, kwa sababu maji yakikauka chumvi inabaki, ukijazia ya kisima ndo unaongeza chumvi juu ya chumvi, na maji ya kisima ya Mombasa mnayajua wenyewe.

Haya, tuje kwa samaki. Wana pakeji inaitwa ya "kila kitu", na hapo ndo wanaharibu. Tangi jipya linataka wiki nne mpaka sita bakteria waote, wageuze amonia kuwa nitraiti na nitraiti kuwa nitreti, ndo utie samaki. Mi nilikuwa napima mwenyewe na amonia bado ilikuwa inaonekana, nikawaambia wasubiri. Jibu: "Kaka, bakteria wa chupa tushatia, we tulia." Nikiwa kazini wakamkuta mama nyumbani wakamwaga samaki wakaenda zao. Ndani yake kangaja wa buluu, yule mwenye pezi la njano mgongoni! Samaki mzuri wallahi, anatoka bahari hiihii yetu, lakini ni wa kuogelea siku nzima, sentimita 120 kwake ni chumba cha mahabusu, na madoa meupe, ugonjwa wa kimelea, yanampata kirahisi kuliko karibu samaki wote. Yakampata. Akafa, samaki wawili wa anemoni waliobaki nikawahamisha kwenye ndoo kubwa niwatibu, na tangi likakaa bila samaki siku 76, kanuni wanayofuata wengi ili kile kimelea kikose mwenyeji kife.

Tena kuna kijana wao alinong'oneza ati ana "mawe hai", yani ya mwambani yakiwa bado na viumbe wake, ya kutoka baharini, bei ya kirafiki. Nikakataa. Sheria hairuhusu, na huko mwambani ndipo samaki wanapozaliana. Mawe niliyotumia ni ya tumbawe la kale la machimbo, hayahaya tunayojengea nyumba, nikayasugua nikayaloweka maji matamu mpaka yakaacha kunuka. Matumbawe magumu nayo yote yapo kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, kipande kikiingia kutoka nchi ya nje kinakuwa na karatasi zake, mi nilipoziulizia dukani hadithi ikageuka. Vipande vya kukuzwa nilivyo navyo nimevitoa kwa muuzaji mwingine aliyenionyesha kibali kabla sijauliza bei.

Pesa ya samaki walinirudishia nusu bila ugomvi, hilo nalo niseme. Ukienda kwao waambie wakuandikie tangi, mabomba na chila kwa risiti moja na samaki kwa nyingine. Watasema haiwezekani, pakeji ni pakeji, we kaa tu. Jirani yangu amekaa vivyo hivyo juzi, wakamwandikia, na sampu wakampunguzia bei.