Kipimo cha haraka cha kinga ya pepopunda: kinafaa wapi Kisumu?

Fundi wa jua kali wa Kondele akichanwa na bati lenye kutu, au mkulima wa mpunga wa Ahero akijikata kwa jembe, mhudumu wa zahanati humuuliza kwanza alichanjwa lini dhidi ya pepopunda, na mara nyingi mgonjwa hakumbuki. Akina mama huwa na kumbukumbu za kliniki ya wajawazito, lakini wanaume wengi hawajadungwa chanjo hiyo tangu utotoni, ilhali kinga hufifia miaka inavyopita. Kipimo kiitwacho Tetanus Quick Stick kimekusudiwa kuziba pengo hilo: kwa tone la damu ya kidole, hutoa jibu katika muda wa takriban dakika 10.

Kifaa hutafuta kingamwili, yaani protini za kinga zilizo kwenye damu, dhidi ya sumu ya pepopunda. Kwa damu isiyochujwa, mstari wa jibu hukusudiwa kuonekana kuanzia takriban uniti 0.2 kwa mililita, ingawa maabara nyingi huhesabu uniti 0.1 kuwa kinga ya kutosha. Kwa hiyo baadhi ya watu wenye kinga wataambiwa hawana, na naona uamuzi huo ni wa busara, kwa sababu kosa la namna hiyo hugharimu sindano ya ziada tu, ilhali kumwambia asiye na kinga kwamba yuko salama kunaweza kumpotezea uhai.

Udhaifu unaonitia wasiwasi ni usomaji wenyewe. Mstari hafifu, ukitazamwa usiku kwenye chumba chenye mwanga mdogo, wahudumu wawili wanaweza kuusoma kwa namna mbili. Mstari ukiwa hafifu hivyo na jeraha likiwa na udongo au samadi, mimi ningemhesabu mgonjwa huyo kuwa hana kinga. Tena kipimo kifanywe kabla ya kudunga imunoglobulini (dawa yenye kingamwili zilizo tayari), kwani kingamwili zilizotoka kwenye dawa hiyo zinaweza kuchora mstari ambao mwili wa mgonjwa haukuujengea msingi wowote.

Kwa zahanati ndogo ya kijijini, fedha za vipimo hivi ningependa zitumike kwanza kuhakikisha kwamba chanjo haikosekani kwenye friji. Hospitali inayopokea majeruhi wengi wa bodaboda, ambako imunoglobulini ni haba na ghali, ina sababu nzuri ya kukinunua, mradi jeraha lioshwe vizuri bila kungoja jibu na anayeonekana hana kinga apewe ratiba ya kumalizia dozi zake.